Tonado: Wapi Hupiga Sana, na Wapi Huua Sana

Kila mtu aliyepita katika mbuga za Kajiado au kandokando ya Magadi wakati wa kiangazi amekwisha kuona chamchela. Vumbi huinuka ghafula, likazunguka kama pia, likapanda juu mfano wa nguzo, kisha likaenda zake likichukua majani makavu na pengine kofia ya mtu. Na baada ya dakika chache limekwisha kutawanyika. Watoto hulikimbilia na wazee huwakemea. Upepo huo ni mdogo. Huzaliwa na joto la ardhi chini ya mbingu zisizo na wingu, na ni nadra kumdhuru mtu.

Upo upepo mwingine unaofanana na chamchela kwa umbo tu. Huo hauzaliwi na ardhi, bali hushuka kutoka katika wingu kubwa la radi, ukining'inia kama mkonga wa tembo, na ncha yake igusapo nchi hung'oa miti na mizizi yake, hubomoa nyumba za matofali na kutupa magari shambani. Watu wa Marekani huuita tonado, na kwa kuwa Kiswahili hakina jina lake hasa, nasi tutauita vivyo hivyo. Msomaji asiuchanganye na tufani ya baharini. Tufani huwa na upana wa maili mia kadhaa, hudumu siku nyingi, na siku hizi haifiki pwani pasipo watu kupata habari zake. Tonado upana wake mara nyingi haufiki nusu maili, na umri wake huhesabiwa kwa dakika. Hata hivyo hakuna upepo mwingine duniani wenye nguvu kuushinda. Tarehe 3 Mei, 1999, karibu na mji wa Oklahoma City, wataalamu waliokuwa na rada juu ya gari walipima upepo wa tonado wenye mwendo wa maili zipatazo 300 kwa saa.

Sasa na tuziangalie tonado mbili. Ya kwanza ilipiga mji wa Moore, katika jimbo la Oklahoma, tarehe 20 Mei, 2013. Ilikuwa ya daraja la juu kabisa katika kipimo cha Wamarekani; upana wake ulipita maili moja, na ilipita katikati ya mji wenye watu wapatao hamsini na tano elfu, mchana, watoto wakiwa shuleni. Waliokufa ni watu 24. Ya pili ilipiga Daulatpur na Saturia, katika wilaya ya Manikganj, nchi ya Bangladesh, jioni ya tarehe 26 Aprili, 1989. Nayo upana wake ulikuwa kama maili moja. Waliokufa hukadiriwa kuwa watu 1,300, na waliojeruhiwa 12,000, na watu kama 80,000 walilala nje usiku ule. Hiyo ndiyo tonado iliyoua watu wengi kuliko zote zijulikanazo katika historia. Upepo ni jamii moja, lakini hasara hazilingani hata kidogo. Kwa nini?

Kwanza yafaa tujue tonado huzaliwaje, maana ndipo tutakapojua kwa nini nchi nyingine huzipata kila mwaka na nyingine hazizipati kabisa. Katika Marekani, mwanzo wa majira ya joto, hewa yenye unyevu hutoka Ghuba ya Mexico ikienda kaskazini karibu na ardhi. Juu yake huja hewa kavu itokayo majangwa ya kusini-magharibi, ikaifunika kama kifuniko kinavyofunika sufuria. Jua huendelea kuichemsha hewa ya chini, nayo hutafuta njia ya kupanda. Kifuniko kikishindwa, hewa hufumka kwenda juu kwa nguvu, na katika muda wa saa moja au mbili wingu la radi hujengeka kufikia kimo cha maili nane au kumi. Hilo bado si tonado. Lakini pepo za nchi ile hazivumi namna moja. Karibu na ardhi upepo hutoka kusini polepole, na maili tatu au nne juu yake upepo hutoka magharibi kwa kasi kubwa. Hewa iliyo baina ya pepo hizo mbili hubiringika, kama penseli unayoibiringisha baina ya viganja viwili. Ile hewa ipandayo huunyanyua mzingo huo uliolala ukasimama wima, na wingu zima huanza kuzunguka. Hata hapo, mawingu mengi yazungukayo humaliza safari yao bila kuzaa tonado yoyote, na sababu yake wataalamu wangali wakiitafuta.

Basi hapo ndipo lilipo jibu la mtu aulizaye kwa nini Afrika ya Mashariki haina tonado kubwa. Mawingu makubwa tunayo. Watu wa Kericho na Nandi, ambao majani yao ya chai huchanwachanwa na mvua ya mawe mara nyingi kuliko karibu mahali pengine popote duniani, hawahitaji kufundishwa habari hiyo. Lakini karibu na ikweta pepo za juu si kali, wala hazipishani sana na za chini. Kwa hiyo wingu hupanda, humwaga mawe yake, kisha hufa pasipo kuzunguka. Katika Ziwa Victoria wavuvi huona nguzo za maji zikishuka kutoka mawinguni. Hizo ni ndugu wadogo wa tonado, na mwenye mtumbwi hana budi kuziogopa, lakini zifikapo nchi kavu nguvu zake huisha upesi.

Kwa wingi, hakuna nchi iifikiayo Marekani. Kila mwaka huhesabiwa huko tonado zipatazo 1,200. Canada hufuata, ingawa kwa mbali. Katika Amerika ya Kusini zipo katika nyanda za kaskazini za Argentina, na Uruguay, Paraguay na kusini ya Brazili. Na huko mji wa Encarnación, katika Paraguay, ulipoteza watu wapatao 300 katika tonado ya Septemba, 1926. Bara la Ulaya hupata mia kadhaa kwa mwaka. Wengi watashangaa kusikia kwamba Uingereza, nchi isifiwayo kwa manyunyu na ukungu, hupata kama thelathini kila mwaka, na zikigawanywa kwa ukubwa wa nchi, Uingereza yahesabiwa miongoni mwa nchi zenye tonado nyingi. Lakini tonado za Waingereza ni za kuangusha vigae na mabanda ya kuku.

Maana jambo la kukumbuka ni hili: tonado nyingi haziui mtu. Hata katika Marekani, katika kila tonado mia moja, ni mbili tu hivi zinazoua. Nguvu zake hupimwa kwa kipimo kilichotungwa mwaka 1971 na mtaalamu aliyezaliwa Ujapani, Tetsuya Fujita, mwalimu katika chuo kikuu cha Chicago. Alipokuwa kijana Fujita alitumwa kuyachunguza magofu ya miji iliyopigwa kwa bomu la atomiki mwaka 1945, na huko alijifunza kuusoma upepo kwa kutazama namna vitu vilivyoanguka. Kipimo chake, kilichorekebishwa mwaka 2007, huanzia sifuri na kuishia tano. Tonado za daraja la nne na la tano hazifiki mbili katika kila mia. Lakini katika historia ya Marekani ndizo zilizoua karibu thuluthi mbili za watu wote waliouawa na tonado.

Ndani ya Marekani yenyewe twaona tena kwamba mahali penye tonado nyingi sipo lazima penye makaburi mengi. Majimbo ya Texas, Oklahoma, Kansas na Nebraska ndiyo yaliyopewa jina la Njia ya Tonado, na picha nyingi tuzionazo zimepigwa huko. Nchi ni tambarare, mtu huliona wingu likija kutoka maili ishirini. Miji si mingi, na nyumba nyingi za zamani zina shimo la kujifichia chini ya ardhi. Lakini ukienda mashariki na kusini, Arkansas, Mississippi, Alabama na Tennessee, mambo hubadilika. Huko kuna vilima na misitu, na mvua huifunika tonado hata isionekane. Majira yake ni marefu: huweza kuja Novemba, Desemba au Februari, wakati jua likichwa mapema, na kwa sababu hiyo nyingi huja usiku. Wataalamu waliohesabu tonado za Marekani za miaka 1950 hata 2005 waliona kwamba zile za usiku zilikuwa kama robo tu ya zote, nazo ziliua karibu watu wanne katika kila kumi waliokufa. Aliyelala hasikii redio.

Tena kuna habari ya nyumba. Katika majimbo hayo ya kusini watu wengi wenye mapato madogo hukaa katika nyumba nyepesi zilizotengenezwa kiwandani na kuletwa kwa magurudumu, zikawekwa juu ya matofali pasipo msingi. Katika taifa zima wakaao humo ni wachache, hawafiki mmoja katika kumi. Lakini katika kila watu kumi wanaouawa na tonado wakiwa nyumbani, kama watano hufa katika nyumba za namna hiyo. Upepo ambao ungeondoa paa la nyumba ya mawe huipindua nyumba hiyo nzima, pamoja na wenyewe. Tarehe 27 Aprili, 2011, tonado nyingi zilipiga kusini kwa siku moja na kuua watu zaidi ya 300, na zaidi ya 230 kati yao walikuwa wa Alabama peke yake. Usiku wa tarehe 10 Desemba, 2021, tonado moja iliua watu 57 katika Kentucky, na wengine wao walikuwa wafanyakazi wa zamu ya usiku katika kiwanda cha mishumaa katika mji wa Mayfield. Kwa miaka arobaini hivi iliyopita tonado zimekuwa zikiongezeka upande huo wa kusini-mashariki na kupungua katika nyanda za magharibi. Yaani zasogea kuelekea kwenye watu wengi na nyumba dhaifu.

Hata hivyo Wamarekani wamepata faida kubwa, na yafaa kuieleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa haikuja kwa upepo kupungua. Tarehe 18 Machi, 1925, tonado moja ilianza katika Missouri, ikavuka Illinois yote ya kusini, ikaishia Indiana. Ilikwenda maili 219 bila kupumzika, kama mtu atokaye Nairobi hata Kisumu kwa barabara, na ilichukua saa tatu na nusu tu. Watu 695 walikufa. Mji mmoja, Murphysboro, ulizika 234. Wengi walioiona hawakujua ni kitu gani, kwa kuwa haikuwa na umbo la mkonga, ila ilionekana kama ukungu mweusi ukibiringika juu ya ardhi. Na utabiri wa siku ile? Uliwaambia watu watazamie mvua na upepo wenye kubadilika. Kwa kweli tangu miaka ya 1880 idara ya hali ya hewa ya nchi ile iliwakataza watabiri wake kulitaja neno lenyewe la tonado, kwa kuogopa kwamba watu watafadhaika! Ni ajabu kwamba wakubwa walihofia kelele za watu kuliko upepo.

Mlango ulifunguliwa na maofisa wawili wa jeshi la anga, Fawbush na Miller. Tarehe 20 Machi, 1948, tonado ilipiga kambi yao ya Tinker katika Oklahoma ikaharibu ndege nyingi, na mkuu wa kambi akawaamuru watafute njia ya kuijua kabla haijaja. Siku tano baadaye waliona katika ramani zao hali ile ile ya pepo na unyevu. Walisita, maana nani awezaye kuamini kwamba tonado itarudi mahali pale pale kabla ya juma kwisha? Mwishowe walitoa onyo. Ndege zikafungiwa, watu wakaondolewa penye hatari, na jioni ile tonado ilikuja kweli ikapita kambini. Hakufa mtu.

Lakini desturi mpya haishiki kwa siku moja. Mwaka 1953 tonado ziliua watu 114 katika Waco, Texas, 116 katika Flint, Michigan, na siku iliyofuata ile ya Flint, 94 katika Worcester, Massachusetts. Baada ya mwaka huo kazi ya maonyo ilipata nguvu: rada, ving'ora, wenyeji wa kujitolea wanaosimama vilimani wakitazama mawingu, redio na televisheni. Ikapita miaka 58 bila tonado moja katika Marekani kuua watu mia moja, mpaka ile ya Joplin, Missouri, tarehe 22 Mei, 2011, iliyoua watu 158. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika kila watu milioni moja wa Marekani, tonado ziliua karibu wawili kwa mwaka. Karne hiyo ilipokwisha zilikuwa zikiua zaidi kidogo ya mmoja katika watu milioni kumi. Mjini Moore, katika ile siku ya mwaka 2013, onyo lilitolewa dakika 16 kabla tonado haijagusa ardhi. Dakika hizo ziliwatosha maelfu. Hazikuwatosha watoto saba waliokufa katika shule moja, kwa kuwa shule ile haikuwa na chumba imara cha kujifichia.

Sasa turudi Bengal. Katika miezi ya Machi, Aprili na Mei, kabla ya masika makubwa kufika, hewa yenye unyevu hutoka Ghuba ya Bengal ikaingia nchi kavu; hewa kavu ya moto hutoka nyanda za juu za India; na juu kabisa, kusini ya milima ya Himalaya, upepo mkali huvuma kutoka magharibi. Msomaji ataona kwamba ni picha ile ile ya Marekani, isipokuwa majina ya bahari na milima yamebadilishwa. Wenyeji huziita dhoruba za majira hayo kalboishakhi, maana yake balaa la mwezi wa Boishakh. Nyingi ni radi, upepo na mvua ya mawe, tena wakulima huishukuru mvua yake. Baadhi huzaa tonado. Idadi yake kwa mwaka ni ndogo sana ikilinganishwa na ya Marekani. Lakini katika tonado zote duniani zinazojulikana kuua watu zaidi ya mia moja kila moja, karibu nusu zilipiga nchi hiyo ya Bengal. Aprili, 1969, mamia walikufa katika mitaa ya kando ya Dhaka. Tarehe 13 Mei, 1996, walikufa watu wapatao 700 katika Tangail na Jamalpur.

Sababu ya kwanza ni wingi wa watu. Bangladesh ni kama robo ya Kenya kwa ukubwa, na watu wake ni zaidi ya mara tatu ya watu wa Kenya. Katika Oklahoma maili moja mraba hukaliwa na watu wasiofika sitini. Katika Bangladesh hukaliwa na watu kama elfu tatu. Tonado ile ile ambayo kule ingepita juu ya ngano na ng'ombe, huku haina pa kupita ila juu ya watu.

Sababu ya pili wasomaji wetu wataifahamu bila maelezo marefu. Nyumba za vijijini huko hujengwa kwa mianzi, udongo, makuti na mabati. Bati ni kitu kizuri. Huzuia mvua, na mwenye nyumba ya bati huheshimiwa, huko kama huku. Lakini bati lililong'oka misumari na kuchukuliwa na upepo wa maili mia mbili kwa saa si paa tena, ni panga. Wengi waliokufa na waliokatika viungo katika tonado za Bengal walipigwa na mabati, na pengine hayakuwa ya nyumba zao, bali ya jirani wa mbali. Na mtu asemaye kwamba wangechimba mashimo ya kujificha kama watu wa Oklahoma hajaijua nchi ile. Ni nchi ya midomo ya mito, na ukichimba futi chache unakuta maji.

Sababu ya tatu ni onyo. Kwa habari ya tufani za baharini Bangladesh imefanya kazi ya kusifiwa. Tufani ya Novemba, 1970, iliua watu wasiopungua laki tatu. Tangu hapo zimejengwa nyumba imara za kukimbilia, na wenyeji wa kujitolea wamefundishwa kupita vijijini na vipaza sauti, hata leo tufani kali huua watu wachache mno kuliko zamani. Lakini tufani hutoa siku mbili tatu za kujitayarisha. Tonado hutoa dakika kumi, na mpaka habari itoke kwenye rada, ifike ofisini, ifike kijijini kwa mtu aliyeko shambani, dakika kumi zimekwisha. Mwaka 1989 watu wa Manikganj walikuwa wameteswa na ukame kwa miezi mingi. Walipoliona wingu jeusi likipanda jioni ile, walikuwa na kila sababu ya kulifurahia.

Idadi hizi za waliokufa zisomwe kwa hadhari. Ile ya 1,300 ni ya kukadiria, kama zilivyo nyingi za Bengal, ambako watu huzikwa upesi kabla ya karani kufika. Lakini hesabu za Marekani nazo zina mapengo. Tonado ya Natchez, Mississippi, tarehe 7 Mei, 1840, yaandikwa kuwa iliua watu 317, wengi wao wakiwa mtoni katika mashua; watumwa waliokufa katika mashamba ya kandokando hawakuhesabiwa sawasawa. Hata ile ya Tupelo, katika jimbo lilo hilo, tarehe 5 Aprili, 1936, yatajwa kuua zaidi ya 200, na yasadikiwa kwamba watu weusi wengi waliachwa nje ya hesabu hiyo.

Bara letu halikosi. Afrika ya Kusini iko mbali na ikweta kiasi cha kupata zile pepo kali za juu, na tonado huko hutokea hasa tangu Novemba hata Januari. Moja ilipiga kijiji cha Albertynsville, karibu na Johannesburg, tarehe 30 Novemba, 1952, ikaua watu 20. Tarehe 15 Desemba, 1998, nyingine ilipita katikati ya mji wa Umtata, mchana, Rais Nelson Mandela akiwa ndani ya duka la dawa mjini humo. Yeye hakudhurika, ingawa wenyeji zaidi ya kumi walikufa. Mwezi mmoja tu ulipita. Tarehe 18 Januari, 1999, tonado iliyo kali zaidi ilipita katika vilima vya Mount Ayliff, katika jimbo lilo hilo, ambako watu hukaa katika nyumba za udongo zilizotawanyika vilimani. Zaidi ya watu 20 walikufa, mamia wakajeruhiwa, na karibu kila jamaa iliyokuwa katika njia yake ilibaki bila nyumba.